Piga Hesabu ya Boila Kabla ya Kuipenda Roshani

Dirisha lilikuwa wazi, na nje kulikuwa na baridi ya Januari. Ndivyo nilivyoikuta fleti ya kwanza niliyokwenda kuiangalia katika jengo la miaka ya 1930 kusini mwa London. Ilikuwa ghorofa ya tatu, sakafu ya vipande vya mbao vilivyopangwa kama mifupa ya samaki, roshani iliyopinda kwenye kona, na dirisha refu la chuma limefunguliwa kabisa huku watu barabarani wamejifunga skafu hadi puani. Nilidhani dalali amelifungua kutoa harufu ya rangi. Bawabu wa jengo, mzee aliyekuja na funguo, alinionyesha rejeta ya kupashia joto chini ya dirisha lile. Niliigusa, nikautoa mkono mara moja. Haikuwa na kitasa cha kuizimia. Boila moja iliyo chini ya jengo hupasha joto fleti zote msimu mzima wa baridi. Anayeona joto limezidi hufungua dirisha, na gesi hulipiwa na wote.

Nilifika pale na hesabu moja kichwani: bei ya fleti na rejesho la mkopo kwa mwezi. Niliondoka na swali ambalo tangu siku ile naliuliza kila ninapoingia jengo la aina hii, na ambalo natamani kila Mswahili anayetafuta pa kuishi katika jiji hili aliulize kabla hajatia sahihi: humu ndani nanunua nini hasa? Waliojenga majengo haya waliuza huduma kuliko vyumba. Waliuza joto, maji ya moto, lifti, mtu wa kupokea mizigo mlangoni, na bustani ambayo mkazi haishikii jembe. Miaka tisini baadaye huduma zile bado zimo kwenye bili, na ndizo zinazoamua kama fleti ni nafuu au ghali, hata kama tangazo la dalali linataja bei peke yake.

Ilianza hivi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, familia za kipato cha kati nchini Uingereza zilianza kukosa watumishi wa ndani. Wasichana waliokuwa wakizoa majivu ya makaa na kupandisha ndoo za maji ya moto walipata kazi viwandani, maofisini na madukani. Kisha fedha zikawa rahisi kukopa: Juni 1932 Benki Kuu ya Uingereza ilishusha riba yake hadi asilimia 2, na riba hiyo ikakaa pale hadi vita vilipobisha hodi 1939. Wajenzi wakashika kazi. Kati ya vita vile viwili zilijengwa nyumba zinazokaribia milioni 4, nyingi zikiwa nyumba pacha zenye bustani mbele na nyuma, na safu zake bado zimeizunguka London kila upande. Mtu mwenye mshahara wa uhakika aliweza kununua nyumba pacha mpya kwa pauni mia chache. Fleti hazikuuzwa moja moja wakati ule, zilipangishwa. Kwa hiyo mtafuta makazi wa 1935 alikuwa na mizani ya wazi mbele yake. Nyumba pacha ilimpa ardhi, na pamoja na ardhi majani ya kukata, makaa ya kununua na safari ndefu ya treni asubuhi na jioni. Fleti ilimpa kodi moja ambayo mara nyingi ilijumlisha joto, maji ya moto na mabawabu.

Jengo lililolifikisha wazo hili mwisho wake liko Lawn Road, Belsize Park, kaskazini mwa jiji, na wengi hulijua kwa jina la Isokon. Mchoraji wake, Wells Coates, alikuwa Mkanada aliyezaliwa Tokyo. Alilichora kwa ajili ya Jack na Molly Pritchard, mke na mume waliotaka kuishi kisasa na kuwasaidia wengine waishi hivyo, na likafunguliwa Julai 1934. Ni jeupe, la zege lenye nondo, na njia za kufikia milango zimewekwa nje kama sitaha za meli. Nyingi kati ya fleti zake zina ukubwa wa mita za mraba 25 hivi: chumba kimoja, sehemu ya kuvalia, bafu, na jiko ambalo mtu mmoja akisimama ndani limejaa. Udogo ule ulikuwa wa makusudi. Chini kulikuwa na jiko kuu, na chakula kilipandishwa kwa lifti ndogo ya sahani. Kulikuwa na watu wa kufua, kutandika vitanda, hata kung'arisha viatu. Walter Gropius, mwanzilishi wa shule ya Bauhaus, aliishi pale alipoondoka Ujerumani ya Hitler. Mwandishi wa riwaya Agatha Christie aliingia 1941, wakati wa vita. Mwaka 1937 jiko kuu liligeuzwa kuwa klabu, Isobar, iliyochorwa na Marcel Breuer.

Huduma zile ziliondoka, kuta zikabaki. Anayenunua leo fleti ya namna hii ananunua mita za mraba 25 zilizopimwa kwa mtu asiyepika, na yeye anapika kila siku. Sisi ambao sikukuu haitimii bila sufuria kubwa ya pilau na ndugu waliokaa hadi mkekani tulipime jiko kwa mikono yetu, tena siku ya kwanza, kabla macho hayajatekwa na mwanga wa dirishani. Nimeona watu wazima wakilipa bei ya juu kwa ajili ya jina la mchoraji, kisha wakanunua jokofu la urefu wa goti kwa sababu hakuna jingine lililoingia.

Isokon linafundisha jambo jingine kuhusu gharama. Lilipita mikononi mwa wamiliki kadhaa, manispaa ya Camden ikalichukua miaka ya 1970, na hadi miaka ya 1990 lilikuwa limechakaa vibaya. Zege lilipasuka, chuma kikaota kutu, vyumba vikabaki vitupu. Likafufuliwa 2003 na 2004 chini ya wasanifu wa Avanti. Kati ya fleti 36, 25 zilitolewa kwa umiliki wa pamoja kwa watumishi wa umma kama walimu na wauguzi, na 11 zikauzwa kwa bei ya soko. Yaani mwuguzi aliweza kununua sehemu tu ya fleti katika jengo lenye daraja la kwanza la urithi wa taifa, na kulipia kodi sehemu iliyobaki. Watu wengi wakisikia "jengo la kihistoria" hudhani ni la matajiri peke yao. Ulizeni kuhusu umiliki wa pamoja. Mara nyingine mlango uko pale pale, lakini dalali hausemi kwa sababu hauuzi yeye.

Ninalolipenda zaidi mimi liko kusini: Pullman Court, Streatham Hill, lililokamilika 1936. Frederick Gibberd alilichora akiwa kijana wa miaka ya ishirini na kitu. Baadaye ndiye aliyechora mji mpya wa Harlow na kanisa kuu la Kikatoliki la Liverpool. Lina fleti 218 katika majengo yaliyopangwa pande mbili za njia yenye miti, ya chini yakiwa mbele karibu na barabara na marefu yakiwa nyuma. Jina lilitokana na mabehewa ya kifahari ya treni, na wateja waliolengwa walikuwa vijana wenye kazi za ofisini, wengi wao wakiishi peke yao. Kulikuwa na bwawa la kuogelea. Kulikuwa na fleti za chumba kimoja kwa anayeanza maisha na fleti kubwa zaidi kwa aliyeoa. Mwaka uliofuata Gibberd na F.R.S. Yorke walichapisha kitabu kizima kuhusu fleti za kisasa, na ukilitembelea Pullman Court unaona kijana yule alikuwa amefikiria nini: upana wa ngazi, jua linapoingia, mahali mtu anapoweka koti lililolowa.

Streatham haina treni ya chini ya ardhi hadi leo. Wapangaji wa 1936 walikuwa na tramu na treni ya juu. Tramu ziliondolewa London 1952, na sasa mtu hutegemea treni ya Streatham Hill au basi hadi Brixton. Balham ni jirani tu, nayo ilipata treni ya chini ya ardhi 1926. Hapo ndipo lilipo Du Cane Court, jengo kubwa lililochorwa na G. Kay Green, lenye fleti 676 chini ya paa moja, lililojengwa katikati ya miaka ya 1930 mwendo mfupi kutoka stesheni. Wakazi wana hadithi kwamba Hitler alilitaka kwa ajili ya maofisa wake. Hadithi za namna hii hufuata majengo makubwa. Kwa mnunuzi, tofauti ya kweli kati ya majengo haya mawili iko miguuni: dakika za kutembea hadi treni hulipwa kwa pauni. Anayefanya kazi ya zamu na kutoka saa tisa usiku aangalie basi la usiku kwanza. Hilo litamfaa kuliko stesheni iliyofungwa.

Highpoint, kule Highgate, nalipita haraka kwa sababu bei zake si za watu wengi. Berthold Lubetkin alilichora, Ove Arup akiwa mhandisi, likakamilika 1935 na fleti 64, na msanifu Le Corbusier alikuja kuliona akalisifu. Sigmund Gestetner, mwenye kiwanda cha mashine za ofisini, alikuwa amelikusudia kwa wafanyakazi wake, lakini walioingia walikuwa watu wenye uwezo zaidi. Hata majokofu ya kila fleti yalipozwa na mtambo mmoja wa pamoja.

Sasa tuje kwenye kalamu na karatasi. Takwimu zinazofuata ni mfano wa kufundishia hesabu, weka zako. Tuseme una fleti mbili mtaa mmoja, ukubwa mmoja. Ya kwanza iko katika jengo la miaka ya 1930, na gharama za huduma ni pauni 4,200 kwa mwaka, yaani 350 kwa mwezi. Ya pili ni sehemu ya nyumba ya enzi za Malkia Victoria iliyogawanywa, na gharama za pamoja ni pauni 100 kwa mwezi. Ukisimama hapo, ya kwanza ni ghali mara tatu na nusu, na watu wengi husimama hapo hapo na kuondoka. Lakini zile 350 zina joto na maji ya moto, bima ya jengo, lifti, bawabu, bustani na mfuko wa akiba wa matengenezo. Kwenye ile ya pili uongeze gesi yako mwenyewe, tuseme pauni 840 kwa mwaka. Uongeze boila yako, ambayo ikigharimu 3,000 na kudumu miaka 12 ni 250 kwa mwaka. Utenge 600 za paa, kwa sababu paa litakuja kudai. Jumla yake ni pauni 2,890. Pengo lililobaki ni pauni 1,310 kwa mwaka, kama 109 kwa mwezi.

Hapo bei inaingia. Kama fleti ya jengo kubwa inauzwa pauni 20,000 chini ya ile nyingine, mkopo wa miaka 25 kwa riba ya asilimia 5 unakupunguzia kama pauni 117 kwa mwezi. Pengo limezibika, na bado bawabu anapokea vifurushi vyako. Lakini msiishie hapo pia. Mkopo una mwisho wake. Gharama za huduma hazina mwisho, na hupanda. Aliye na miaka 30 na aliye na miaka 58 hawawezi kusoma hesabu hii kwa namna moja: wa kwanza ana miaka mingi ya mshahara unaopanda mbele yake, wa pili atalipa pauni 350 zile, au zitakavyokuwa, kutoka kwenye pensheni.

Boila ya pamoja ina hatari ambayo wengi waliijua kwa uchungu bei ya gesi ilipopaa 2022. Kikomo cha bei ambacho Ofgem, msimamizi wa soko la nishati, huwawekea wateja wa majumbani hakikuwahusu moja kwa moja wakazi wa majengo ambayo gesi yake hununuliwa na mwenye jengo kama mteja wa biashara. Jirani mwenye boila yake alilindwa. Mkazi wa boila ya pamoja alipata barua ya nyongeza. Kwa hiyo uliza mambo matatu: mkataba wa gesi unaisha lini, rejeta zina vitasa vya kupunguzia, na kila fleti ina mita yake au gharama hugawanywa kwa ukubwa wa sakafu. Kama ni kwa sakafu, wewe unayezima utamlipia anayefungua dirisha.

Nilipomweleza shangazi yangu wa Tanga kwa simu nilichokinunua miaka ile nilipoanza maisha hapa, aliniuliza, "Sasa mwanangu, umenunua au umepanga?"

"Nimenunua miaka, shangazi."

Alielewa upesi kuliko wenzangu wa hapa. Tanzania ardhi ni mali ya umma na hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na yeye amekaa na hati yake kabatini tangu zamani. Fleti nyingi za Uingereza ziko hivyo: unanunua haki ya kukaa kwa idadi ya miaka, na ardhi na jengo ni vya mwingine. Majengo ya miaka ya 1930 yalikaa mikononi mwa wapangishaji kwa miongo kadhaa, kisha kuanzia miaka ya 1960 na 1970 wengi wao waliona faida kuuza fleti moja moja kwa mikataba mirefu. Mkataba wa miaka 99 ulioanza 1975 unaisha 2074. Ukiuhesabu 2025, umebaki miaka 49, na fleti ya namna hiyo ina bei nzuri kwa sababu benki nyingi hazitaikopesha.

Hapa pana maji marefu, basi tuende taratibu. Mmiliki ana haki ya kudai nyongeza ya miaka, na tangu 31 Januari 2025 halazimiki tena kusubiri miaka miwili baada ya kununua. Lakini mkataba ukishuka chini ya miaka 80, gharama ya kuurefusha hupanda kwa sababu mwenye ardhi hudai nusu ya thamani inayoongezeka. Bunge lilipitisha sheria 2024 ya kulifuta dai hilo. Kupitishwa kwa sheria na kuanza kutumika ni mambo mawili, na wakili wako akwambie kipi kimeshaanza siku unayonunua. Mikataba mipya iliyotolewa tangu 30 Juni 2022 haina kodi ya ardhi. Ya zamani inayo, na katika mingine kodi hiyo hupanda kila baada ya miaka kadhaa. Soma kifungu hicho kwa sauti, neno kwa neno.

Turudi kwenye dirisha. Lile la chuma ni zuri kweli. Lina fremu nyembamba kama penseli, na chumba hupata mwanga ambao fremu nene za plastiki haziwezi kuuruhusu. Mengi ya aina hii yalitengenezwa na Crittall, kampuni iliyoanzia Braintree, Essex. Nilipolifunga na kuliwekea kiganja asubuhi ile, kioo kimoja kilikuwa kimenitenga na Januari, na kwenye ukingo wa chini maji yalikuwa yamekusanyika mstari mwembamba. Nyuma ya kabati, kwenye kona ambapo zege la nje linakutana na dari, kulikuwa na doa jeusi la ukungu ukubwa wa sahani, limepakwa rangi nyeupe iliyoanza kushindwa. Zege jembamba la miaka ile hupitisha baridi. Mvuke wa jikoni na bafuni hutafuta kona hiyo na kuigeuza maji. Mwenye mtoto wa pumu asiache kusogeza kabati, hata kama mwenyeji atanuna.

Na dirisha hilo huwezi kulibadilisha upendavyo. Isokon na Highpoint yako daraja la kwanza la urithi, Pullman Court daraja la pili lenye nyota. Kubadili kitu chochote chenye thamani ya kihistoria katika jengo la aina hii bila kibali ni kosa la jinai. Maombi ya kibali chenyewe hayana ada, lakini mchoro wa msanifu una ada, fundi anayejua kazi hiyo ana bei yake, na tangu Oktoba 2012 mabadiliko yaliyoidhinishwa hayana tena msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani. Unalipa asilimia 20 kama mtu mwingine. Kwa fleti yenye madirisha makubwa matano, hiyo peke yake inaweza kula akiba ya mwaka.

Nisieleweke kwamba nyumba za Victoria ni kimbilio. Kwa miaka sita niliishi katika fleti ya juu ya nyumba iliyogawanywa mara tatu, na gharama za huduma zilikuwa ndogo kwa sababu hakuna aliyekuwa akihudumia chochote. Novemba moja maji yalianza kudondoka juu ya kitanda. Fundi alitaka pauni 9,000. Mmoja wetu alikuwa ng'ambo na hakujibu barua, mwingine alisema paa ni la aliye juu ingawa mkataba ulisema ni la wote, na hakukuwa na mfuko wenye hata pauni moja. Nililala sebuleni na beseni likijaa chumbani hadi Machi. Katika jengo la fleti 200, paa lile lile lingegawanywa kwa 200, na pengine fedha zingekuwa benki tayari.

Majengo mapya kabisa yana mvuto wake: joto halipotei, mikataba mipya haina kodi ya ardhi, na kwa kawaida kuna dhamana ya miaka 10. Lakini baada ya moto wa jengo la ghorofa la Grenfell, London, wa Juni 2017 tulijua kuna maghorofa yaliyovikwa vitu vinavyowaka, na wakazi wa baadhi yake walishindwa kuuza kwa miaka. Gharama za huduma huanza chini na kupanda baada ya mjenzi kuondoka, hasa pale penye bwawa na ukumbi wa mazoezi ambao wewe hutumii. Majengo ya miaka ya 1930 yamekwisha kuonyesha magonjwa yake yote. Hilo kwangu lina thamani. Ila jengo lolote la ghorofa 7 au mita 18 na zaidi, jipya au la zamani, sasa liko chini ya sheria ya usalama wa majengo ya 2022, na kazi ya kuitimiza hulipwa kupitia bili.

Nyumba pacha bado ipo, pembezoni, na kwa familia yenye watoto wanne mimi ningeichagua bila kusita. Ardhi yako, paa lako, makosa yako.

Kwa anayeelekea kwenye fleti, karatasi zitamwambia mengi kuliko kuta. Wakili ataomba fomu ya maelezo ya jengo iitwayo LPE1 pamoja na hesabu za huduma, kwa kawaida za miaka 3. Zisome wewe mwenyewe. Tafuta mfuko wa akiba una kiasi gani, ukigawe kwa idadi ya fleti. Uliza kama kuna notisi ya kazi kubwa: sheria inamtaka mwenye jengo awashauri wakazi kwanza kazi inapomgharimu yeyote zaidi ya pauni 250, na asipofanya hivyo hawezi kudai zaidi ya kiasi hicho bila ruhusa ya baraza la migogoro ya nyumba. Notisi ikiwa imetoka na muuzaji anakimbilia kuuza, bili ya paa inakusubiri wewe, basi ipunguzwe kwenye bei. Omba na kumbukumbu za mikutano ya wakazi. Pale utajua nani analalamika kuhusu lifti, tangu lini, na kama kuna anayemsikiliza. Angalia kama wakazi wenyewe wanamiliki kampuni yenye ardhi. Pale walipo wamiliki, nimeona vikao vigumu lakini bili zinazoelezeka. Mwisho, soma vifungu vya mazulia na wanyama. Zege hubeba sauti ya kisigino kutoka ghorofa hadi ghorofa, ndiyo maana mikataba mingi hulazimisha zulia, na ile sakafu ya mifupa ya samaki uliyoipenda huenda huruhusiwi kuiacha wazi.

Fleti ya dirisha lililo wazi sikuinunua. Niliendelea kutafuta miezi saba, nikapata nyingine, jengo la rika lile lile, ambako kumbukumbu za mkutano wa mwaka uliopita zilikuwa na mstari mmoja niliousoma mara mbili: wakazi wamepiga kura, vitasa na mita za joto zitawekwa kila fleti, fedha ziko kwenye akiba. Nikatoa ofa jioni ile.

Kando ya mlango wake wa kuingilia, ukutani, kuna kikabati chenye milango miwili, mmoja wa nje na mmoja wa ndani. Mwuza maziwa wa 1937 aliweka chupa kwa nje, na mkazi akazichukua kwa ndani bila kuvua vazi la kulalia. Wamekipaka rangi mara nyingi hadi milango imegandamana. Bawabu aliniambia cha fleti ya jirani kinafunguka, na yeye huweka humo vifurushi watu wakiwa kazini. Nimeshanunua kisu chembamba cha kukwangulia rangi.